Nailoni ya Baba

Wiki iliyofuata mazishi ya Baba, mimi na mdogo wangu Kiprono tulibaki nyumbani Boito kupanga vitu vyake. Wageni walikuwa wameenda, sufuria za kukodisha zilikuwa zimerudishwa, na Mama alisema hataki kuona koti la marehemu likining'inia mlangoni kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo kukojoa. Mama ndivyo anavyoongea, usimshangae. Kiprono alipanda kwenye dari la stoo akawa ananishushia vitu: jembe lisilo na mpini, kikapu cha kuchumia majani kilichooza kitako, redio ya betri nne. Halafu akasema, "Chebet, hii shika polepole." Ilikuwa nailoni. Ile nailoni ngumu ya kufunikia miche ya chai, imekunjwa vizuri na kufungwa kamba ya katani, na pembeni ina matundu ya misumari. Nilipoipokea nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi, na gauni langu la kanisa. Nimeshapita hamsini, nimefundisha darasa la nne miaka mingi, na mtu akikuambia Mwalimu Chebet ni mwoga, huyo hanijui. Lakini nailoni ile niliiogopa, kama nilivyoogopa mwaka wa tisini na tisa.

Mwaka uliotangulia, Kiprono alikuwa amepatikana na saratani ya damu, na hospitali moja huko India ikakubali kumwekea uboho wa mtu mwingine. Tulipimwa sote nyumbani, na wangu ndio ulioingiana na wake. Za harambee sitasimulia, kila mtu wa Boito anazijua. Kule India walimpa dawa kali mpaka damu yake yote ya zamani ikafa, wakanidunga nyonga, wakavuta uboho wangu, wakamtundikia kwenye chupa kama maji. Mpaka leo baridi ya mwezi wa saba ikija, ile nyonga inanikumbusha. Tulirudi mwezi wa nne, yeye akiwa hana unywele hata mmoja, shingo nyembamba kama ya kuku wa kuhara, na maneno mengi. "Sasa mimi nina damu ya msichana," aliwaambia watu uwanja wa ndege. "Nikiona majani chai vidole vinawasha." Alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuna jambo ambalo hakulifanyia mzaha.

Madaktari walitupa kurasa nne za Kiingereza. Mimi ndiye niliyezitafsiri mezani, Baba akisikiliza ameinamisha kichwa kama yuko kanisani. Asikae na mtu mwenye kikohozi. Asiguse udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Asile kitu kibichi, asinywe maziwa yaliyolala. Zile dawa za kuzuia damu yangu isiugeukie mwili wake asiziruke hata siku moja, na apimwe damu kila mwezi. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari mdogo kwamba zamani aliwahi kupatwa na ugonjwa wa ini na mwili wake ukaushinda. Niliusoma, nikasema, "Hapa wanasema ini liliugua likapona," tukapita. Nani angesimama hapo? Kitu kilichopona kimepona. Baba aliuliza swali moja tu: "Atakaa hivyo mpaka lini?" Nikasema, mpaka damu mpya ishike. Baba akainua kichwa. "Kumbe," akasema. "Huyu ni mche."

Mtu asiyejua nasari ya chai hawezi kuelewa Baba alimaanisha nini. Unakata kijiti chenye jani moja, unakichomeka kwenye udongo ndani ya karatasi ya plastiki, unapinda fito juu yake, unafunika na nailoni na kuziba pembeni kwa udongo ili hata upepo usipenye. Halafu unaacha. Miezi mitatu hivi hufungui, hata ukitamani, na watoto wakikaribia unawachapa. Mizizi ikishashika ndipo unaanza kuizoesha miche jua: leo unainua nailoni vidole vinne, kesho nane, mpaka siku moja unaitoa yote. Baba alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Watu walitoka Ndanai kuja kuchukua miche yake. Kwa hiyo alimtengenezea mwanawe nasari. Alichukua chumba cha pembeni, kile tulichokuwa tunawekea mahindi, akakiosha sakafu na kuta kwa sabuni mara tatu, akaziba kila ufa. Dirisha halikuwa na kioo, lilikuwa la mbao tu, naye hakutaka kumfungia mtoto gizani. Akaleta nailoni iliyokuwa imefunika miche misimu miwili, akaisugua, akaipigilia misumari kuanzia juu hadi chini.

Sasa nailoni iliyokaa juani misimu miwili haibaki nyeupe. Mwanga wa chumba kile ulikuwa wa siagi. Shuka nyeupe ilikuwa ya siagi, ukuta wa siagi, hata mimi nikiingia mikono yangu ilibadilika rangi mlangoni. "Karibu kwenye mkate," Kiprono aliniambia siku ya kwanza. Tulizoea. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, nimefunga kitambaa mdomoni: ugali uliopikwa mpaka ukachoka, yai lililochemshwa mpaka likawa jiwe, sukuma wiki isiyo na ladha yoyote. Maziwa aliyakataa, alisema yakichemshwa hivyo yananuka sufuria, kwa hiyo alikunywa strungi, chai ya majani na sukari tu, vikombe kumi kwa siku. Choo cha shimo alikatazwa. Alitumia ndoo, na ndoo hiyo Baba hakukubali mtu mwingine aiguse. Alimwaga mwenyewe kila asubuhi, mwanamume mzima, mzee wa kanisa, akipita uani na ndoo ya mkojo wa mtoto. Majirani waliona na hawakusema kitu mbele yake.

Nyuma yake walisema. Jiko letu lilikuwa la mabati, na mtu aliyesimama nje kusubiri moto wa kuazima alisikika vizuri ndani. Siku moja wanawake wawili waliotoka kupeleka majani walisimama hapo, mmoja akasema, "Hiyo si saratani. Mnafichwa tu. Mtu anafungiwa kwa nailoni kwa sababu gani?" Mwenzake akasema, "Wanasema ni ile." Miaka hiyo ukisema "ile" hakuna aliyeuliza ile gani. Mama alikuwa anachuja chai. Hakumwaga hata tone. Alitoka nje akawaambia, "Karibuni ndani basi, muulize wenyewe," nao wakakumbuka wana watoto nyumbani.

Nami nilikuwa na siri yangu. Mwezi wa sita Kiprono alinililia mursik. Kwetu mtu anayerudi kutoka mbali na ushindi hupokewa na mursik, maziwa ya kuganda ya kwenye kibuyu, na yeye alikuwa amerudi kutoka mbali kuliko mtu yeyote wa Boito, akapokewa na yai la mawe. "Kikombe kimoja, Chebet. Kidogo tu, ya kuonja. Nilikufa nikafufuka na hakuna mtu amenipa mursik." Nilimkatalia siku tatu. Ya nne nikampa. Alikunywa amefumba macho, akapangusa mdomo, akasema, "Kongoi," asante ya kwetu, na nikakiosha kikombe haraka kabla Mama hajarudi. Ai, mimi na moyo wangu wa karatasi!

Mwezi wa saba kikohozi kiliingia Boito nyumba kwa nyumba. Baba akasema mche hautolewi nasari wakati wa mvua ya mawe, kwa hiyo kupimwa damu tukakuahirisha mwezi huo. Mimi mwenye kusoma zile kurasa sikubisha. Kiprono alianza kulala mchana kutwa. Alisema ugali unamnukia. Alijikuna mgongo kwenye ukuta kama ng'ombe. Tukasema ni kuchoka kufungiwa, nani asingechoka? Asubuhi moja nilimsikia Mama akimuuliza Baba mlangoni mbona ile ndoo ina rangi nzito hivi, na Baba akajibu, "Si ni strungi anakunywa? Strungi inaingia, strungi inatoka." Mama akacheka. Hata mimi jikoni nilicheka.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, baada ya chai ya saa nne, Baba alisema wakati umefika wa kumzoesha jua. Alikuwa amenyoa ndevu kabisa kwa ajili ya siku hiyo. "Leo vidole vinne," alisema. Akazunguka nje na nyundo. Mimi nilikuwa ndani, nimeketi kitandani nikimkata Kiprono kucha. Tulisikia msumari ukilia, halafu wa pili. Nailoni ikainuka chini, na jua jeupe likaingia, mstari mwembamba tu, likapanda juu ya blanketi, likapita kifuani, likamfika usoni. Kiprono alifumba macho, akafumbua. Jicho lililokuwa juani lilikuwa la manjano kabisa, manjano ya kiini cha yai la kienyeji. Lile lililobaki kivulini lilikuwa kama siku zote. Nilivuta kidole chake nilichokuwa nimekishika nikakiweka juani kando ya changu, na sikuhitaji kuambiwa.

"Jua limemfika?" Baba aliita kutoka nje.

Mimi bado nilikuwa nimekishika kile kidole.

"Chebet! Limemfika?"

"Limemfika, Baba."

"Mzuri sana," akasema, na nikamsikia akienda zake akipiga mluzi wimbo wa kanisa.

Kiprono alikuwa ananitazama. "Ni nini?" Nikasema si kitu. "Wewe hujui kudanganya, kucha umenikata na nyama." Ilikuwa kweli, damu ilikuwa inamtoka kidoleni, damu yangu mimi, na nilipoiona niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilijua nimemuua. Kama si kwa mursik, basi kwa uboho. Nilitoka nikakimbia hadi zahanati kumwita Sista Akinyi, nesi mmoja wa kutoka upande wa ziwa ambaye mume wake alifanya kazi kiwanda cha chai. Hakuuliza maneno mengi. Alifika, akasimama mlangoni mwa kile chumba, akasema, "Mimi humu sioni kitu. Mtoeni nje."

Tulimtoa na kiti. Ilikuwa mara ya kwanza jua la uani kumpata mzima tangu mwezi wa sita, na Kiprono alikaa hapo kama mtu aliyepakwa rangi. "Mzee," Sista Akinyi akasema, "hii imeanza lini?" Baba akauliza, "Nini imeanza?" Halafu akaangalia. Niliona anavyoangalia. Aliangalia uso wa mtoto, akaangalia dirisha, akaangalia tena uso. Nyundo bado ilikuwa mkononi.

Tulifika Nairobi na pikapu ya maziwa ya jirani. Wodini alitupokea daktari mmoja mama, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha kunyamaza ili usikie. Damu ilipopimwa alituita mimi na Baba kwenye chumba kidogo chenye viti viwili, yeye akasimama. Akasema ni homa ya ini, ile ya B. Nikamkatiza, nikamwaga yote hapo mbele ya Baba, mursik, kikombe, siku yenyewe, nikilia kama mtoto wa nasari. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa," akasema. "Lakini si mursik. Na si wewe." Akatueleza kwamba kirusi hicho kilimwingia Kiprono akiwa mdogo, pengine bila kuugua hata siku moja. Damu yake ya zamani ilikishinda lakini haikukitoa, ilikifungia kwenye ini na kulinda mlango. India walipoiua damu ile, mlinzi akafa, mfungwa akabaki hai. "Na yangu?" nikauliza. "Yako ni mlinzi mgeni. Hakijui hicho kirusi hata kwa sura. Na dawa anazokunywa zinamfanya asinzie kazini." Halafu akamgeukia Baba. "Mzee, macho haya yameanza lini?"

"Jumamosi," Baba akasema.

"Hapana. Ini haliharibiki hivi kwa siku tatu. Haya ni ya majuma mengi. Hamkuona?"

Mikono ya Baba ilikuwa juu ya magoti, ile mikono yenye utomvu mweusi wa chai kwenye nyufa. Nikaropoka haraka, "Chumba kilikuwa na giza, daktari." Daktari akaandika. Nilimdanganyia Baba mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo hatukuwahi kukizungumzia chumba kile. Nilijiambia Baba ni mtu wa shamba, hajaunganisha mambo, na mimi sitakuwa mtu wa kumuunganishia. Miaka zaidi ya ishirini nimeubeba uongo huo nikijiona mwerevu.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka, lakini ndizo nazikumbuka zaidi. Kiprono alivimba tumbo. Aliacha mzaha, na hapo ndipo nilijua tunampoteza, maana hata India akiwa anatapika damu alikuwa akiwatania manesi. Siku ya tano aliniita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa. Halafu mikono yake ikaanza kuchuma. Alilala chali macho wazi, na mikono miwili inachuma hewani, upesi upesi, majani mawili na chipukizi, anarusha nyuma ya bega kwenye kikapu ambacho hakikuwepo. Nilimshika mikono nikaikandamiza kitandani, na ikaendelea kuchuma ndani ya mikono yangu. Niliomba Mungu amchukue mbio, halafu nikamwomba asinisikilize. Baba alikaa upande wa pili wa kitanda bila kula, akimwangalia mtoto kwa namna ya mtu anayesubiri kuitwa jina lake mahakamani.

Daktari alisema kuna kidonge. Kilikuwa kigeni, na wakati huo kilijulikana kwa kazi moja tu. "Niwaambie mapema," akasema, "watu wakiona hicho kikopo watasema ni dawa ya ukimwi, kwa sababu hao pia wanapewa. Mko tayari kwa hayo maneno?" Nilifikiria wale wanawake wa jikoni. Baba akasimama, mara ya kwanza siku hiyo. "Waseme," akasema. "Wewe leta." Kikaletwa. Tulimsagia, tukampa na kijiko. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, wiki nzima hakuna. Kila asubuhi daktari alimpeleka dirishani, akamshusha ukope wa chini kwa kidole gumba, akaangalia, akatikisa kichwa, na Baba alisimama nyuma ya bega lake akikodolea hicho kidole. Ilikuwa wiki ya tatu nilipomshika Kiprono mkono nikaukuta umetulia. Alifungua macho akaniangalia kwa muda mrefu. "Chebet," akasema, "unanuka samaki." Nililia mpaka nesi akanifukuza wodini.

Tuliporudi Boito, dirisha la kile chumba lilikuwa na kioo. Baba alikuwa ametangulia nyumbani siku mbili. Na mwaka uliofuata hakuotesha mche hata mmoja. Watu wa Ndanai walikuja wakarudi mikono mitupu, na pale pa nasari akapanda nyasi za ng'ombe. Tulipouliza alisema ni magoti, kazi ya kuinama imemshinda. Niliamini magoti. Kwa nini nisingeamini?

Sasa nilikuwa nimekaa stoo na ile nailoni mapajani, na Kiprono ameshuka kutoka dari, mwanamume wa miaka hamsini kasoro mwenye kitambi na kikopo cha vidonge mfukoni mpaka leo. Nikaamua basi, Baba ameenda, acha niseme. Nikamwambia ni hii nailoni ndiyo ilituficha macho yake, na kwamba nilimficha Baba jambo hilo ili lisimuue. Kiprono alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani.

"Ulimficha nani?" akasema. "Chebet, wewe hujawahi kuona? Kila nikija nyumbani, hata kabla hajanisalimia, Baba ananishika bega ananitoa nje kwenye jua. Ananishusha jicho hivi, na kidole gumba. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto. Halafu anasema, 'Sawa. Ingia unywe chai.' Kila mara, toka tisini na tisa. Hata Krismasi, na watu wamejaa. Mwezi uliopita alikuwa hawezi kuinuka, akaniambia nisogeze kitanda karibu na mlango, niiname. Mkono haukufika. Nilimshikia mimi."

Nilikuwa nimeona. Niliona miaka yote hiyo, nikadhani ndivyo wazee wanavyosalimia watoto wao wa kiume.

Kiprono aliichukua ile nailoni kutoka mapajani mwangu akaiweka kando ya ukuta, wala hakuikunjua. Akatoka nje, akasimama katikati ya uwanja pale jua lilipokuwa kali, akanigeukia. "Njoo basi," akasema. "Sasa nani ataangalia?" Nilienda. Ni mrefu kuliko mimi, ikabidi akunje magoti kidogo. Niliweka kidole gumba chini ya jicho lake nikashusha ukope, la kulia kwanza, halafu la kushoto, naye akanishika kiwiko. Jeupe. Yote mawili meupe.

"Sawa," nikamwambia. "Ingia unywe chai."